Kofia Zilizoshonwa Edani

Biashara yangu ya kwanza ilinigharimu shilingi tisini na sita na senti hamsini, pamoja na jina la mwanamke mmoja. Shilingi nilizilipa zote, za mwisho kwa kuuza kitanda. Jina sijalilipa mpaka leo, na mwenye jina tumemzika mwezi uliopita, baada ya adhuhuri, Ilala. Nasema tumemzika kwa mazoea tu ya kusema. Sisi wanawake tulikuwa uani, juu ya mikeka, tunasikiliza. Kabla jeneza halijatoka, mtoto wa dada yake, Rajabu, mtu mzima mwenye mvi zake, alisimama akasema yale yanayosemwa siku zote: kama kuna anayemdai marehemu, aje kwake, na kama kuna ambaye marehemu alikuwa akimdai, naye aseme, asione haya. Mimi nilikuwa nahesabu ndala zilizovuliwa mlangoni. Jozi ishirini na tatu. Nikahesabu tena: ishirini na mbili, na viatu viwili vya kushoto ambavyo havijuani. Hakuna aliyefungua kinywa. "Basi," akasema Rajabu, "nitauliza tena siku ya arobaini." Jeneza likatoka, wanawake wakalia, na mimi nikalia, kwa kuwa kulia hakulipiwi.

Marehemu ni Tunu. Mwaka tuliojuana ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeolewa mara moja, nimeachwa mara moja, hesabu imelingana. Nilipanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani jiko na choo na mpapai mmoja usiozaa. Mwenye nyumba alikuwa Bi Hidaya. Chumba chake kilikuwa cha mbele ili asikie anayeingia, na mchana alihamia uani ili asikie yanayosemwa. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kujua, na alipenda zaidi ijulikane kwamba anajua. Mimi nilikuwa nachuuza chochote kilichonipitia mkononi: leo vitumbua, kesho udi, keshokutwa kanga za watu nikauze nipate changu cha juu. Tunu na mumewe, Sefu, walikaa chumba cha pili. Sefu alikuwa kuli bandarini. Siku moja robota la katani lilichomoka kwenye kamba likamwangukia. Walimleta nyumbani kwenye mkokoteni, amefunikwa turubai, na Tunu, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu, akaingia edani.

Chumba kile nakiona mpaka sasa. Dirisha limefungwa, shuka jeupe ukutani kufunika kioo, kitanda cha kamba kimesimamishwa, godoro chini. Harufu ya nyumba isiyopikwa. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula: ugali na mchicha, siku za neema wali na papa mkavu. Alikula tonge tatu akaacha. Siku ya kumi na moja nikamkuta ana kitu mapajani, kitambaa cheupe cha bafta kilichotobolewa vitobo vidogo kama vya sindano, na kila kitobo kimezungushiwa uzi wa hariri. Alikuwa anamshonea Sefu kofia ya sikukuu. Ilikuwa imefika nusu.

"Nzuri," nikasema. "Umejifunza wapi?"

"Kwa shangazi yangu, Kilwa." Akaigeuza. "Sasa ya nini tena? Kichwa chenyewe hakipo."

"Imalize. Nitakuuzia."

"Kofia ya marehemu, Mwajuma?"

"Marehemu hajaivaa. Hiyo ni bafta na uzi."

Alinitazama. Lazima nieleze kilichokuwa nyuma ya macho yale. Ndugu wa Sefu walikuwa wameshatuma salamu kutoka Kisiju: akimaliza eda, kaka wa marehemu atamrithi, awe mke wa tatu, ahamie shamba. Njia ya kukataa ilikuwa moja tu, kulipa chumba mwenyewe. Mwanamke mwenye chumba chake anaweza kusema hapana. Asiye na chumba husema hapana, halafu anafunga mizigo. Tunu akachukua sindano.

Nikaipeleka kwa Mzee Saleh. Alikuwa Mwarabu mwenye duka la nguo Kariakoo, babu yake alitoka Hadhramaut, yeye alitoka nyuma ya duka lile lile, baina ya makanzu na mikanda.

"Shikamoo, Mzee Saleh."

"Marahaba. Umeleta nini leo, udi wa kuni za mwarobaini?"

"Udi ule ulinukia."

"Ulinukia moshi. Haya, nionyeshe." Akaiinua kofia kwenye mwanga wa mlango, akaivalisha ngumi yake, akaizungusha. Nilijua ameipenda kwa sababu aliirudisha mezani upesi. "Kumi."

"Kumi ni ya kitambaa. Mimi nauliza bei ya kofia."

"Kumi na mbili, na kahawa."

"Kahawa nimekunywa kwangu."

Nikatoka. Hakuniita. Nikarudi kama mtu aliyesahau mwavuli, na mwavuli sikuwa nao. Akacheka. Tukamalizana kumi na saba na nusu. "Binti, nani ameshona hii?"

"Mwanamke wa heshima. Hatoki nje."

"Hatoki kabisa?"

"Hata dirishani hasogei."

Maneno yote hayo yalikuwa ya kweli. Nimewahi kuuza vitu kwa uongo na nimewahi kuuza kwa ukweli, na nakuambia ukweli uliokatwa vizuri ndio unaoleta bei. Kesho yake Mzee Saleh alikuwa anawaambia wateja kwamba kofia zake mpya zinatoka katika nyumba ya watu wakubwa, mabinti wasiopigwa na jua.

Hapo ndipo akili yangu iliponyooka, au ilipopinda, sijui. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Nikapiga hesabu: siku mia na thelathini. Nikahesabu tena kwa miezi ya mwandamo, ambayo mingine haitimizi thelathini: mia na ishirini na nane. Siku mia na ishirini na nane mwanamke amekaa ndani, haendi sokoni, hajipambi, hana mume wa kumtengea chakula, na mikono yake haina kazi. Mtu mwingine angeona msiba. Mimi niliona karakana.

Nikaanza kuhudhuria vilio. Kariakoo, Gerezani, Ilala, hadi Mchikichini kwa miguu. Nilisaidia kuosha vyombo, nilisonga ugali wa watu hamsini, na huku natazama mikono ya mfiwa. Vidole virefu, kucha fupi, mtu asiyetetemeka akipokea kikombe. Nikisharidhika narudi siku ya kumi na kitu, na kifurushi chini ya kanga: bafta iliyokwisha kuchorwa na Tunu kwa penseli, uzi, sindano, na mwiba wa nungu wa kutobolea. Wengi walipokea. Mmoja alinifukuza kwa kopo la maji. Mmoja alilia, akaniambia ni mtu wa kwanza tangu mazishi kumpa jambo la kufikiria. Baada ya miezi miwili nilikuwa na wanawake sita. Kofia ikikamilika tulifua, tukaipiga wanga wa muhogo, tukaivalisha bakuli lililofudikizwa mpaka ikauke. Chumba cha Tunu kikawa na mabakuli matano yamevaa kofia, yamekaa ukutani kama wazee wanaongoja kahawa. Siku moja nikamsikia Bi Hidaya anazungumza na jirani uani.

"Mwajuma siku hizi hakosi kilio."

"Ana huruma."

"Huruma ya mwewe hiyo. Anamwonea huruma kifaranga aliyebaki peke yake."

Nilicheka kule ndani. Tunu hakucheka. Lakini alikuwa anakula sasa, tonge tano, sita. Chumba alikilipa mwezi wa pili kwa mkono wake, na Bi Hidaya alizikagua zile sarafu kama zimetoka kuzimu. Kaka wa Sefu akatumiwa salamu kwamba mjane haji. Tunu alianza kusema maneno kama "tukipata cherehani" na "tukipata wasichana wawili wa kufundisha." Nani alisema tukipata? Yeye. Mimi nilikuwa nasema nikipata.

Kisha Mzee Saleh akaniita. Dada yake, Bi Zuwena, alikuwa anamwoza mwanawe, Nassor. Wanataka kofia tano za nakshi moja: ya bwana harusi na nne za nduguze. Miezi miwili. Akanipa nusu ya fedha papo hapo, na mimi sikubishana hata senti, jambo lililomtia wasiwasi. Nilikwenda kwa Tunu mbio. Akasikiliza, akaweka sindano chini.

"Ya harusi?"

"Harusi. Ya Waarabu. Baada ya hii ni cherehani."

"Mimi niko edani, Mwajuma. Vitu vya harusi haviguswi na mtu wa eda. Na wale wengine nao wako edani."

"Dini imekataza? Muulize maalim yeyote."

"Dini haijakataza. Watu wamekataza. Na kichwa kitakachovaa ni cha watu." Alifikiri. "Kawaambie. Waambie anayeshona kafiwa, yuko ndani. Wakisema hawana neno, nitamshonea bwana harusi kofia ambayo haijaonekana hapa mjini. Wakikataa, warudishie chao."

Nilikwenda dukani. Hilo nalisema kwa kiapo: nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti kile cha miguu mitatu, nikanywa kahawa vikombe viwili, nikamsikiliza Mzee Saleh akisifu ukoo wa bibi harusi. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikahesabu kofia tano, nikahesabu tena, zikawa tano vile vile. Nikaaga. Tunu alikuwa amesimama nyuma ya mlango ananingoja, mtu asiyeruhusiwa kutoka, amesogea mpaka mwisho wa ruhusa yake.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasema nini?"

Hapa ningeweza kusema "kasema sawa" nikaishia hapo. Lakini mchuuzi hawezi kuuza kitu bila kukipamba. "Kasema, kazi nzuri haina eda."

Uso wake ukafunguka. Alilipenda neno lile. Alilirudia mwenyewe akipima uzi, akaliimba kidogo. Kwa wiki sita alishona akiwa nalo. Kofia ya bwana harusi ilikuwa na majani madogo yaliyofuatana kuizunguka, na juu kabisa ua moja lenye vitobo arobaini. Siku zake zikatimia wiki moja kabla ya harusi. Akaoga, akavaa kanga mpya, akatoka ukumbini akishika ukuta kama mtu aliyetoka hospitali, akaenda sokoni akanunua nyanya moja. Moja tu. Alitaka kununua kitu.

Harusi ilikuwa Alhamisi, mvua za masika zimekolea. Siku ya tano ya fungate Nassor akapata homa. Siku ya tisa wakamzika. Masika yale mtaa wetu na ule wa pili tulizika watu wanne kwa homa hiyo hiyo, na watatu kati yao hawakuvaa kofia yangu. Hesabu hii niliifanya wakati ule ule. Sikumwambia mtu.

Nilikwenda kwenye kilio, mazoea. Bibi harusi, Salma, miaka kumi na sita, alikuwa amekalishwa kwenye kona ya chumba, amevishwa nguo nyeupe, hina ya harusi bado imekoza viganjani. Nami nikajikuta natazama vidole vyake. Ni virefu. Havikutetemeka alipopokea kikombe. Nilipogundua ninachokifanya niliinuka nikatoka nje bila kuaga, na wanawake wakasema, mwenzetu ameguswa.

Siku ya tatu ilisomwa hitima. Kofia ya Nassor ilikuwa imewekwa juu ya mto wake, kila anayeingia aione na alie. Bi Hidaya akaingia. Akaiangalia, akaisogelea, akasema kwa fahari ya mtu anayejua, "Mbona hii naijua? Hii imeshonwa kwangu, chumba cha pili. Niliiona juu ya bakuli. Na mwenyewe alikuwa amekaa eda ya Sefu." Naamini alipomaliza tu sentensi alitamani kuimeza. Lakini ilikuwa imeshatoka.

Walikuja wanawake watano, Bi Zuwena mbele, bila viatu. Tunu alikuwa uani anapepeta mchele. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu.

"Wewe ndiye uliyemshonea mwanangu?"

Tunu akaweka ungo chini, akasimama. "Ni mimi, mama. Pole kwa msiba."

"Ukiwa na kifo mwilini?"

"Nilikuwa edani, mama. Mliambiwa." Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu jambo alilosahau kwa huzuni. "Mwajuma alikuja akawaambia. Mzee Saleh mwenyewe akasema, kazi nzuri haina eda."

"Saleh? Ndugu yangu aseme hivyo, kwa harusi ya mwanangu?" Bi Zuwena akageuka. Wote watano wakageuka, na Bi Hidaya, na mpishi wa chumba cha tano aliyekuwa ameshika mwiko. Tunu naye akageuka, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu kidogo, kwa sababu alijua jibu langu. "Wewe msichana," akasema Bi Zuwena, "uliyasema haya?"

Nilikuwa na kofia za watu wengine tisa njiani. Nilikuwa na wajane sita. Nilikuwa na Mzee Saleh, na duka lake, na miaka yote ya mbele. Nikaviweka upande mmoja wa mizani, na Tunu upande wa pili.

"Mimi nanunua kofia tu," nikasema. "Siulizi mtu kama ana eda."

Tunu alinitazama, halafu akautazama ungo, akainama akaokota punje zilizomwagika. Bi Zuwena akamtemea mate. Mmoja wao akasema mwanamke huyu amemvisha mtoto wa watu kifo cha mumewe, makusudi, asiwe mfiwa peke yake. Sentensi hiyo ilitoka uani petu kabla ya magharibi, ikapita soko zima, na haikurudi tena kuomba radhi.

Sasa sikiliza faida niliyoipata. Mzee Saleh alizirudisha kofia zote, za harusi na zisizo za harusi, akataka fedha yake, na akawa na haki. Wateja walizikimbia kofia za mkono mtaa mzima. Nilimuuza Tunu, na bado sikupata bei. Katika maisha yangu ya kuchuuza nimepata hasara nyingi, lakini nyingine zote nilitoa kitu nikapata pungufu. Ile nilitoa kitu nikapata sifuri. Tunu alifukuzwa chumba mwisho wa mwezi. Wakamwita Tunu Mkosi. Hata kaka wa Sefu kule Kisiju alituma neno kwamba amesikia na hamtaki tena, na hiyo ndiyo fadhila pekee ambayo uongo wangu ulimfanyia. Hakuolewa. Hakualikwa kwenye harusi, wala kwenye akika. Alihamia Mchikichini, na miaka ilipogeuka na mitumba ikajaa pale, akawa anakaa pembeni mwa soko na sindano, anatia viraka suruali za Wazungu tusiowajua. Nguo iliyokwisha kuvaliwa na mgeni haiogopi mkosi wa mtu.

Nilimwendea mara moja tu, sote tumekwisha kuwa na wajukuu. Mimi wa kwangu, yeye wa dada yake. Nilimpelekea gauni lisilohitaji kushonwa. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Akalikagua, akaliona halina tundu, akanirudishia.

"Hujambo, Mwajuma."

"Sijambo, dada."

"Nina swali moja, la siku nyingi." Alishusha miwani. "Mzee Saleh alisema lile neno, au hakusema?"

Kumbe hakujua. Miaka yote ile nilidhani ananilaani kwa uongo, na yeye alikuwa hajui hata uongo ulikuwa wapi. Kwake yeye, ama nilimwambia Mzee Saleh, na wakubwa wakakana, na mimi nikaogopa tu mbele yao. Ama sikumwambia kabisa. Alikuwa ameyashika yote mawili, hajui aweke lipi chini. Nami nikasema, "Tunu, hayo ya zamani," nikachukua gauni langu nikapanda basi.

Leo nina miaka themanini na mmoja, kwa mwandamo themanini na mitatu na ushee. Mzee Saleh amekufa, Bi Hidaya amekufa, Bi Zuwena amekufa na hasira yake. Niliyemkana amekufa hajajibiwa. Aliyebaki ni Salma, bibi harusi, yuko Upanga kwa mwanawe, haoni vizuri, na nasikia mpaka leo ukimtajia kofia anasoma dua. Maisha yake yote amejua nani alimuua mume wake. Nikienda kumwambia ukweli, namrudishia Tunu jina, na yeye namwachia homa tu, na homa huwezi kuilaani. Au nisimame uani kwa Rajabu, niseme mimi ndiye ninayedaiwa, mbele ya watoto waliozaliwa juzi, ambao kwao Tunu Mkosi ni bibi tu aliyejua kutia kiraka? Hilo ni rahisi, kwa hiyo nalishuku. Kitu nilichokipata kwa bei ndogo nimekizoea, nakijua ubovu wake.

Wewe uliyefika mpaka hapa, nishauri. Niende kwa nani? Sitakubishia, kwa mara ya kwanza nachukua bei ya kwanza nitakayotajiwa. Ila usichelewe. Arobaini ya Tunu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Zimebaki siku tisa. Nimehesabu tena: nane.